Neno la Bonifasi Luvanda

Simu ilipoita, Gaudensia Mgaya alikuwa amempa mteja kisogo, anahesabu mishono ya sweta. Ndivyo kazi yake ilivyotaka. Mteja akishakaa kwenye kiti cha mashine na kuanza kuandika neno lake la siri, mkokotozi hugeuka akatazama ukuta. Sasa ukuta nao una habari gani? Basi Gaudensia, kwa miaka kumi na tisa, alikuwa amefuma masweta akiutazama ule ukuta, na nusu ya watoto wa Litundu walikuwa wamevaa kazi ya mikono yake.

"Tayari, mama," alisema mteja, mzee mmoja mwenye kidhibiti cha moyo. "Nimebonyeza."

"Haya, tungoje dakika nne. Na hilo neno usilitaje, hata kwa kunong'ona."

"Nalitaja kwa nani? Wewe mwenyewe hutaki kulisikia."

Na kweli hakutaka. Miaka arobaini nyuma, katika Mwaka wa Wizi, ghala za funguo za nchi nzima zilikombwa kwa asubuhi moja. Watu waliamka wakakuta vifaa vilivyo ndani ya miili yao vinatii amri za wageni: moyo wa huyu unaongezewa mapigo, dawa ya yule imesimamishwa mpaka alipe. Waliokufa walikuwa wengi. Tangu hapo sheria ikawa moja, na hata mlevi wa kilabuni aliijua: ufunguo hauhifadhiwi popote. Unakokotolewa upya kila unapotakiwa, kutoka kwenye neno lililo kichwani mwa mwenyewe, mbele ya mkokotozi aliyekula kiapo, kwenye mashine isiyogusana na mtandao. Ukishatumika, unafutwa.

Mzee alipoondoka, Gaudensia akapokea simu iliyokuwa imeita mara tatu.

"Kamwene mama. Ni mimi Wilbroda, wa kwa Ngailo. Yule wa figo ya mashine."

"Kamwene mwanangu. Si uko hospitali ya kanda?"

"Ndiko niliko, na nimekwama." Sauti ya Wilbroda ilikuwa ya mtu aliyelia mpaka akachoka. "Nimeingiwa na homa, figo imejishusha nguvu. Madaktari wanataka kuipandisha, na bila ufunguo haikubali. Nimeandika neno langu mara tano, mashine yao inasema siyo. Mama, ikifika saba inajifunga moja kwa moja. Na kunipasua waitoe hawawezi, wanasema damu yangu ni chache."

"Umeliandika sawasawa? Herufi kubwa, ndogo?"

"Nalijua vizuri! Si jina la ng'ombe wa baba na—"

"We! Nyamaza hapo hapo!" Gaudensia alipiga kelele mpaka sweta likadondoka. "Usiniambie. Usijaribu tena. Wamekupa mpaka lini?"

"Jumatano."

Siku hiyo ilikuwa Jumatatu, saa saba mchana.

Gaudensia alifunga mlango wa ofisi, akatoa kabatini kitabu cha maelekezo ambacho kilikuwa kimelala chini ya mafaili tangu alipoapishwa. Alikuwa na hasira, na hasira yenyewe ilikuwa ya kumtetea mtu wake. Aliamini kwamba wale wa hospitali ndio wanaokosea, wanaingiza chumvi isiyo yake. Chumvi ndivyo wakokotozi walivyoiita namba ya mtu, ambayo mashine huichanganya na neno, ili watu wawili waliochagua neno moja wasipate ufunguo mmoja. Ya Wilbroda ilikuwa LTD-04471. Alitaka amfuate mkokotozi wa kule amsomee ukurasa kwa ukurasa.

Ukurasa wa tatu ulimnyamazisha. Ulisema: andika *kokotoa*, bonyeza, mashine itauliza neno, mteja ataliandika na kioo hakitaonyesha kitu.

Litundu hawakufanya hivyo. Litundu ni baridi, mwezi wa saba umande unaganda, na vidole vya wazee vinakuwa kama vya kuazima. Mtu akiandika gizani, asione anachokiandika, anakosea. Enzi zile vikongwe walikuwa wakitoka ofisini wakilia. Ndipo mkokotozi wa kwanza, Mwalimu Eusebio Tweve, kwa huruma yake, akabuni njia. Alimwacha mteja aliandike neno mahali linapoonekana, alisome, alirekebishe, kisha ndipo alisukume ndani ya chombo hicho cha *kokotoa* kwa mstari mmoja, ambao kwa Wilbroda ulikuwa:

*andika "neno" | kokotoa --chumvi LTD-04471 --mizunguko 900000*

Mstari huo Gaudensia aliurithi pamoja na kiti. Aliubandika juu ya mashine kwa gundi, na kila mteja alipokuja aliuandika kwenye kioo kwa chumvi yake, akamwachia pengo la kujaza neno tu. Chombo kilikuwa kikilisaga neno mara laki tisa, kwa dakika nne, na uchelewaji huo ulikuwa wa makusudi: mwizi mwenye maneno milioni ya kubahatisha angekaa hapo miaka saba na ushee. Litundu kwa Litundu, zahanati na ofisi, kila kitu kilikuwa kikikubali.

Akajaribu. Kwa chumvi ya majaribio, kwa njia ya kitabu, aliandika neno *kiazi*. Baada ya dakika nne alama ya ufunguo, ile fupi ya kuutambulisha, ikatokea: 9c41 7ae0. Akaandika *kiazi* kwa njia ya Mwalimu. Dakika nne nyingine. e07b 15d2.

"Aka!" alisema peke yake.

Akarudia zote mbili, na majibu yakawa yale yale. Kulikuwa na chombo kingine kidogo humo mashineni kinachohesabu herufi. Akakipa mstari: *andika "kiazi" | hesabu*. Kikajibu: 6.

Kiazi kina herufi tano. Mtoto wa chekechea anajua. Gaudensia alihesabu kwa vidole hata hivyo, kisha akafungua kitabu nyuma, kwenye maelezo ya *andika*, na hapo akakuta kwamba chombo hicho, kila kinapomaliza, huongeza alama ya mwisho wa mstari. Haionekani. Chombo chenyewe ni kama mgeni asiyeweza kuondoka bila kuaga. Na kwa kokotoa, alama moja ikizidi, hilo ni neno jingine kabisa.

Watu elfu kumi na moja wa Litundu walikuwa na alama ile kwenye maneno yao na hawakuijua. Mtu akiugua nyumbani, anapona. Akiugua ugenini, neno lake ni uongo.

Hapo akafunga kitabu. Alikuwa amemkumbuka Bonifasi Luvanda.

Bonifasi alikuwa dereva wa malori ya mbao. Mwaka uliopita alianguka safarini, akalazwa mbali, hana fahamu, na kidhibiti cha moyo wake kilitaka ufunguo. Mkewe, Kolumba, ndiye aliyekuwa mrithi wa neno, mtu pekee aliyeambiwa. Alisafiri, akaliandika mara saba. Mara saba mashine ikasema siyo, kidhibiti kikajifunga, na Bonifasi akafa siku ya pili. Baada ya mazishi ukoo ulikaa kikao. Walisema Kolumba alilificha neno kwa sababu ya ugomvi wa nyumbani, au hakuwahi kupewa na akadanganya. Wakamwita mkokotozi aseme. Na Gaudensia alisimama mbele ya watu, muhuri ukining'inia shingoni, akasema: "Kokotoa haikosei. Neno likiwa sahihi, ufunguo unakuwa sahihi."

Kolumba alifukuzwa nyumbani kwake wiki hiyo hiyo. Sasa alikuwa akiuza ulanzi, pombe ya mianzi, karibu na stendi, na watu walinunua kwake wakitazama pembeni.

*

Mwalimu Eusebio alikuwa uani kwake, anachambua mbegu za viazi. Alikuwa na miaka themanini na moja na masikio mazuri kuliko ya vijana. Alimsikiliza Gaudensia mpaka mwisho bila kuinua macho.

"Una hakika?" aliuliza.

"Nimerudia mara tatu, Mwalimu."

"Alama moja."

"Moja tu."

Mzee aliweka kiazi chini. "Nilikuwa nawaonea huruma wale bibi. Unamkumbuka Mama Sikutu? Alikuwa anaandika mpaka vidole vinatoka damu."

"Namkumbuka. Hakuna anayesema ulikuwa na nia mbaya."

"Watasema." Alikohoa. "Basi sikiliza. Nenda kwa huyo mtoto wa Ngailo, kaa naye, aandike kwa njia yetu, apone. Ukirudi, tangaza kwamba kuna uhakiki. Waite watu kijiji kwa kijiji, wasajili upya kwa njia ya kitabu. Kwa mwaka mmoja na nusu umemaliza, na hakuna aliyejua kitu. Funika kombe, mwanaharamu apite."

"Na atakayeugua Dodoma katika mwaka huo na nusu?"

"Mungu atamsaidia."

"Mbona Bonifasi hakumsaidia?"

"Bonifasi amekwisha kufa, Gaudensia! Ukisema au usiseme, hafufuki. Ukisema, watachukua muhuri, watakushtaki, na mimi nitazikwa kwa jina la muuaji. Unamtafutia nani faida?"

"Kolumba."

Mwalimu aliokota tena kile kiazi. Kisha akasema taratibu, na ilionekana kwamba aliona haya kusema: "Yule mama ameshazoea."

Gaudensia alimpenda mzee huyu kuliko alivyompenda baba yake mzazi, na kwa mara ya kwanza maishani alitamani kumtukana. Alimwambia tu, "La kuvunda halina ubani, Mwalimu," akaaga. Lakini hakuwa ameamua. Njia nzima kwenda stesheni alikuwa akipiga hesabu ya mwaka mmoja na nusu, na hesabu ilimvutia. Kupoteza muhuri ilikuwa kupoteza ofisi, nyumba ya ofisi, na jina lile la Mama Mkokotozi ambalo hata wachungaji walimwamkia nalo. Angesema hakulipenda, angekuwa mwongo.

*

Treni ya Jumanne ilimfikisha hospitali ya kanda saa nane mchana. Kwa simu isingewezekana. Hakuna mkokotozi anayepokea maelekezo kwa simu, maana wezi walianzia hapo hapo.

Mkokotozi wa hospitali alikuwa kijana wa Kisambaa, Shebughe, mwenye ndevu zilizochongwa vizuri na adabu nyingi. Alitazama muhuri wa Gaudensia, akatazama uso wake.

"Shikamoo mama. Unasema mgonjwa aandike kwa *andika*, halafu asukume ndani? Kitabu kinakataza."

"Marahaba. Najua kinakataza."

"Kwa nini basi?"

Gaudensia aliutazama muhuri wake. Shebughe hakuwa mjinga. Alikuna ndevu, na macho yake yakaonyesha kwamba ameshaliona jambo lote, na ameshamwonea huruma mama wa watu.

"Mimi chai yangu huwa dakika ishirini," alisema hatimaye. "Nikiondoka mashine inabaki na mkokotozi mwenye muhuri, kwa hiyo sheria haijavunjwa. Zimebaki mbili, mama. Ukikosea moja, niite."

Wilbroda aliletwa kwa kiti cha magurudumu, amevimba uso, midomo imekauka. Gaudensia aliweka mstari kwenye kioo, akamwonyesha pengo, akageuka akatazama ukuta. Huku hakuwa amekuja na sweta, na mikono haikujua ikae wapi. Alisikia vidole vikibonyeza polepole. Kisha mashine ikaanza kusaga.

Dakika nne. Wilbroda alikuwa anasali kwa sauti ndogo. Gaudensia naye alijaribu, maneno yakampotea.

Mashine ikalia mara moja. Muuguzi aliyeshika kisomaji kwenye ubavu wa mgonjwa akasema, "Imekubali! Inapanda. Asilimia ishirini. Thelathini."

Wilbroda alicheka na kulia kwa pamoja. Alimshika Gaudensia mkono, akaubana kwa nguvu asizokuwa nazo.

"Mama, Mungu akubariki. Unajua nini? Nilikuwa nimeshaamini ni mimi. Nilimwambia mume wangu akili inaniondoka, nimesahau jina la ng'ombe niliyemkamua tangu utotoni. Nilijichukia, mama. Nilisema nakufa kwa upumbavu wangu mwenyewe."

"Siku ngapi?"

"Nini?"

"Umejichukia siku ngapi?"

"Tatu, nne hivi."

Gaudensia alitikisa kichwa. Kolumba alikuwa na mwaka mzima na miezi miwili.

Shebughe aliporudi, akafungua daftari la kituo na kusogeza kalamu. Mstari wa mwisho ulikuwa na safu moja tupu, ya sababu. "Andika tu 'herufi ilikosewa'," alisema. "Inatosha. Hakuna anayefuatilia."

Gaudensia aliandika kwa dakika kumi. Ilimbidi aendelee ukurasa wa pili. Aliandika mstari wote jinsi ulivyo, alama inayozidi, idadi ya watu, na kwamba kila mgonjwa kutoka Litundu atakayefika kituo chochote aandike kwa njia ile mpaka atakaposajiliwa upya. Akaandika pia jina la Bonifasi Luvanda na tarehe ya kifo chake. Chini akaweka muhuri, ambao ulikuwa bado wake.

Shebughe alisoma, akavuta pumzi. "Hii ikitoka hapa, mama, inakwenda makao makuu leo leo. Wa Litundu watapata tangazo kabla hujafika nyumbani."

"Ndiyo maana nimeiandika."

*

Jumapili baada ya misa, ofisi ya mkokotozi ilijaa mpaka dirishani. Ukoo wa Luvanda walikaa mbele: Bi Anjelina, mama wa marehemu, na mwanawe Kasiani, aliyekuwa akiishi sasa kwenye nyumba ya Bonifasi. Mtendaji wa kata alisimama kando na barua ya kumsimamisha Gaudensia kazi. Muhuri ulikuwa mezani, kamba yake imeviringishwa. Mwalimu Eusebio hakuja. Alituma mtu kusema ana mafua.

Kolumba aliingia wa mwisho, amefunga kitenge cha kazini, akinuka ulanzi kidogo. Hakukaa. Alisimama karibu na mlango kama mtu aliyejiandaa kutoka.

Gaudensia alieleza. Hakupamba. Alionyesha kiazi chenye herufi sita, akaona watu wakihesabu kwa vidole kama alivyohesabu yeye. Kisha akamgeukia Kolumba.

"Siku ile ya kikao niliapa kwamba mashine haikosei. Hilo nililisema kwa kutojua. Lakini wewe uliomba uandike neno la mumeo hapa hapa, kwenye mashine hii, watu waone. Nikasema sheria hairuhusu kukokotoa ufunguo wa marehemu. Kolumba, ningeweza kuomba kibali. Ilikuwa barua moja. Sikuomba kwa sababu nilikuwa nimeshakuhukumu. Hilo nilijua nalifanya, na ni kwa hilo nakuomba msamaha."

Kolumba alikaza fundo la kitenge chake.

"Daftari letu lina alama ya ufunguo wa Bonifasi tangu siku aliposajiliwa," Gaudensia aliendelea. "Kwa alama huwezi kurudisha ufunguo wala neno, ila unaweza kulinganisha. Kama bado unataka kuandika, kiti hiki hapa."

"Sheria imebadilika?" aliuliza Kasiani kwa kejeli.

"Haijabadilika. Muhuri wameshauchukua, watanichukulia nini tena?" Akamtazama mtendaji. Mtendaji akawa anasoma barua yake, kwa makini sana, kana kwamba ilikuwa na kurasa nyingi.

Kolumba akaja akakaa. Aligeuza kioo kimwelekee yeye peke yake. Gaudensia akageuka, na chumba kizima, bila kuambiwa, kikageuka naye. Hata waliokuwa dirishani walitazama barabarani. Vidole vilibonyeza, vikasimama, vikabonyeza tena.

Dakika nne katika chumba chenye watu arobaini ni ndefu. Mtoto alilia akanyonyeshwa. Mtu alikohoa akaomba radhi. Bi Anjelina alikuwa ameshika rozari na hakuipeleka mbele hata punje moja.

Mashine ikalia.

"Kasiani," alisema Gaudensia, "daftari liko mezani. Soma wewe. Namba mia tisa na kumi na mbili."

Kasiani akafungua, akatafuta kwa kidole. Alisoma kwa sauti kubwa ya kesi, herufi moja moja: "Nne, b, saba, saba. Sifuri, d, tisa, e."

Kolumba alisoma kioo. Sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa. "Nne, b, saba, saba. Sifuri, d, tisa, e."

Kasiani alikwenda mwenyewe kutazama, akainama mpaka pua ikakaribia kugusa kioo, na Kolumba alifunika kwa kiganja sehemu ya juu iliyokuwa na neno. Kasiani alirudi kwenye benchi, akakaa. Hakuna aliyepiga vigelegele. Mwanamke mmoja kule nyuma alisema, "Jamani, jamani," na wengine wakaanza kulia.

"Nilikuwa nalibadilisha," alisema Kolumba, bila kumwambia mtu yeyote hasa. "Kila siku. Nasema labda lilianza kwa herufi kubwa. Labda yalikuwa maneno mawili. Nimeligeuza mpaka mwisho nikawa sijui tena kama aliniambia kitu." Akajipangusa uso kwa ncha ya kitenge. "Kumbe lilikuwa lile lile."

Bi Anjelina aliinuka kwa kushika bega la Kasiani. Aliburuta miguu mpaka kwenye kiti cha mashine. Mwaka mzima hakuwa amemtaja mkwewe kwa jina, na sasa alisimama mbele yake.

"Kolumba, mwanangu," alisema. "Mimi ndiye niliyemzaa. Lilikuwa neno gani?"

Kolumba aliweka kidole kwenye kitufe, akafuta kioo chote mpaka kikabaki cheusi, kisha akainuka akampisha mama mkwe akae.

"Hilo alinipa mimi, mama," alisema.